Veranda ya bati: namna ya kuipunguzia joto na makelele ya mvua

Maswali ni yale yale na yanakuja kwa misimu. Kaskazi ikishika, kuanzia Disemba mpaka Machi, watu wanauliza habari ya joto. Masika yakiingia wanauliza kelele. Hali yenyewe huwa moja: mtu ana veranda ya mbele au ya uani, ameizungushia madirisha ya alumini, ameezeka bati jembamba la geji 30 juu ya papi (mbao za kupigilia bati) za inchi mbili kwa mbili, na dari hakuweka. Saa nane mchana hakukaliki. Mvua ikinyesha, mgeni na mwenyeji wanabaki kuangaliana.

Mwongozo huu ni wa mwenye veranda ya namna hiyo, Unguja au Pemba, anayetaka kuitengeneza kwa ndani bila ya kuezua paa. Ukiwa bado hujaezeka, una njia nyepesi zaidi. Soma kwanza kipande kilicho baada ya hatua.

Kabla hujatoa pesa mfukoni, shika jambo moja: joto na kelele havitibiwi kwa dawa moja. Joto la bati linakufikia zaidi kwa mionzi. Visiwa hivi viko kwenye nyuzi 5 na 6 kusini ya ikweta, kwa hivyo mwanzoni mwa Machi, na tena kwenye wiki ya pili ya Oktoba, jua la adhuhuri linapita utosini hasa. Bati tupu hapo linaweza kupita nyuzi joto 60, nalo linakurushia joto hilo kichwani. Mionzi inakatwa na kitu kinachong'aa chenye nafasi ya hewa mbele yake. Kelele inakatwa na uzito, na vitu laini vya nyuzi nyuzi, na kuziba kila upenyo.

Ndiyo maana foili, ile karatasi ya alumini inayong'aa, haizuii kelele: haina uzito. Stairofomu, ile nyeupe nyepesi inayokuja na mafriji, inapunguza joto lakini mvua utaisikia kama kawaida. Na jipsamu, zile bodi za dari, peke yake inatuliza kelele kiasi, lakini inapata moto taratibu kutwa nzima na jioni inakurudishia. Dukani utaambiwa kitu hiki kinafanya yote mawili. Uliza kina kilo ngapi kwa mita ya mraba. Kama ni chepesi cha kubebwa na kidole, hicho ni cha joto tu.

Jua kwanza tatizo linatoka wapi

Kwa joto, panda ngazi saa nane mchana, uweke kiganja shibiri moja chini ya bati bila ya kuligusa. Kisha shuka ukiweke karibu na vioo. Veranda inayotazama magharibi huwa inaungua kwa vioo vyake alasiri nzima, na dari liwe zuri namna gani halitaondoa hilo. Hapo anza na pazia au chiki za kuning'iniza nje ya dirisha, si ndani. Likishavuka kioo, jua limeshaingia nyumbani.

Kwa kelele, mtu mmoja amwage maji kwa mpira juu ya bati, wewe kaa chini. Kisha atandike magunia yaliyorowa juu ya sehemu ile ile na amwage tena. Kelele ikishuka sana, mkosa ni bati. Ikibaki karibu vile vile, sikiliza vyema: pengine maji yanapiga kizingiti cha alumini cha dirisha, au unachokisikia ni bati la jirani.

Vitu vya kuwa navyo

Hesabu nitaitoa kwa veranda ya mita 3 kwa 5, yaani mita 15 za mraba. Foili ipime kwa mteremko wa paa, si kwa sakafu, kisha ongeza asilimia 10 ya kukatia na kulalia.

- Brashi ya waya, praima ya kuzuia kutu, rangi nyeupe ya mabati.
- Skrubu za bati zenye raba, za kubadilishia misumari iliyolegea.
- Foili ya ujenzi yenye nyuzi za kuitia nguvu, na ikipatikana iwe inang'aa pande zote mbili. Foili ya jikoni inachanika kabla hujashuka ngazi.
- Tepu ya alumini, na stepla ya mbao.
- Nyuzi za kujaza: pamba ya kioo, pamba ya mawe, au usumba (nyuzi za makumbi ya nazi). Unene milimita 50 hadi 75.
- Mbao za mbili kwa nne zilizotiwa dawa ya mchwa, na bolti ndefu.
- Jipsamu ya milimita 12, futi 4 kwa 8. Moja ina takriban mita 3 za mraba, kwa hiyo nunua 6 kwa tabaka moja, 12 kwa mawili. Chukua ya kijani, inayostahimili unyevu. Nyeupe ya kawaida inalegea na kuning'inia hewa ya pwani ikishaizoea.
- Silanti (dawa ya kuzibia nyufa) ya akriliki inayokauka na kubaki laini, mirija kadhaa.
- Sponji ya utepe yenye gundi, na wavu wa waya wenye matundu madogo.
- Miwani, barakoa, glavu, shati la mikono mirefu. Pamba ya kioo inawasha mpaka usiku.

Kuhusu usumba, swali linarudi sana, na jibu ni ndiyo, unafaa. Ni nyuzi, una hewa ndani yake, unanyonya sauti, na huku kwetu uko. Lakini usumba mwingi wa mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, unatokana na makumbi yaliyofukiwa ufukweni, maji ya bahari yakiyapanda na kuyashuka, kisha yakapondwa. Kwa kamba hilo halina neno. Kwa dari, chumvi iliyobaki inavuta unyevu na kula skrubu na bati. Ufue kwa maji baridi yasiyo ya chumvi mara kadhaa, onja tone la maji ya mwisho, na ukisikia chumvi endelea kufua. Kisha uuloweke katika mchanganyiko wa boraksi na asidi ya boriki, unaopunguza kushika moto na kuwatia wadudu uchungu, uanike mpaka ukatike ukiuvunja. Hata hivyo usumba unaweza kufukuta moto kimya kimya, kwa hiyo lazima ufunikwe na jipsamu kote, na usiwe karibu na taa wala viungo vya umeme.

Vya kuacha dukani: trei za mayai, ambazo kwa mvua hazifanyi lolote zaidi ya kukaribisha mende, na sponji za magodoro, zinazoshika moto kwa kasi na kutoa moshi mbaya.

Mambo matatu kabla ya ngazi

Kama paa lako ni yale mabati mazito ya kijivu ya zamani, ya simenti, yanayovunjika badala ya kupinda, chukulia kuwa yana asbestosi. Usitoboe, usikate, usisugue kwa brashi. Vumbi lake linaua mapafu, na mwongozo huu haukuhusu.

Kama nyumba iko Mji Mkongwe, ambao tangu mwaka 2000 umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, pata ruhusa ya mamlaka inayosimamia uhifadhi wa mji kabla hujagusa paa, hata rangi.

Na zima umeme kwenye swichi kuu, si swichi ya ukutani.

Hatua

1. Chagua msimu. Fanya kazi wakati wa Kusi, Juni hadi Septemba, mvua zikiwa zimepungua. Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja, kwa hiyo wa Wete na Chake asijipe siku chache mno. Juu ya bati panda baada ya alfajiri. Ikifika saa nne shuka, uendelee na kazi ya ndani.

2. Ziba uvujaji wote. Usiruke hatua hii kwa kuwa "panavuja kidogo tu". Tone moja likiingia kwenye pamba hulioni kwa miezi, na unapoliona jipsamu imeshaota madoa na mbao zimeshaoza. Kanyaga juu ya mistari ya papi, ukiwa umeweka ubao wa kugawa uzito. Ng'oa misumari iliyolegea, weka skrubu za raba. Sugua kutu, paka praima. Kisha mwaga maji kwa mpira nusu saa, mtu akiwa chini anaangalia.

3. Paka nyeupe. Rangi nyeupe mpya inarudisha sehemu kubwa ya jua, mara nyingi asilimia 70 au zaidi, na kwa pesa inayotumika hakuna hatua inayoishinda kwa joto. Ila vumbi na ukungu vinaila: osha paa kila mwaka kabla ya Kaskazi. Kama unakinga maji ya mvua ya kunywa, nunua rangi iliyoandikwa kuwa inafaa kwa paa la kukingia maji, usipake lami ya aina yoyote, na mvua za mwanzo zimwage nje.

4. Nyamazisha bati lenyewe. Chuma kinatanuka. Bati la mita 5 likipanda nyuzi 40 linaongezeka milimita 2 na nusu hivi, na pale linapokwaruza papi ndipo unaposikia "ta! ta!" wingu likipita. Penye mlio, legeza skrubu, ingiza utepe wa sponji baina ya bati na papi, kaza tena bila ya kuponda raba. Ukiwa na nafasi ya pesa, bandika kwa chini vipande vya tepu nene ya butili katikati ya kila uwazi baina ya papi. Bati linapigwa na matone lakini halitikisiki sana. Usichukue ile ya lami ya bei nafuu. Kwa joto la bati inayeyuka, inanuka, na inadondokea kochi.

5. Weka foili chini ya papi. Watu wengi wanaharibu hapa. Foili isigusane na bati. Ikiligusa, joto la bati linaiingia moja kwa moja, na kwa hewa yetu ya chumvi unyevu unaobanwa baina yake unakula vyote viwili. Ipige stepla upande wa chini wa papi, ili kimo cha papi, milimita 50, kibaki kuwa hewa. Upande unaong'aa uelekee chini kama ni mmoja tu. Wengi wanabisha, wanasema uelekee jua. Unafanya kazi hata ukielekea juu, lakini ndani ya mwaka vumbi linatanda na mng'ao unakufa. Ukielekea chini haukaliwi na vumbi.

   Anza chini kwenye mchirizi (ukingo wa chini wa paa), panda juu, kila kipande kikilalia cha chini yake kwa sentimita 15, kama bati linavyolaliana. Sababu ni umande. Usiku mkavu usio na mawingu bati linapoa kuliko hewa, na alfajiri linatoa jasho kwa chini. Foili iliyolazwa vizuri inayapeleka maji hayo nje, kwenye gata. Kwa hiyo ukingo wake wa chini utokeze nje ya ukuta, usikunjwe ndani.

   Acha uwazi wa sentimita 2 au 3 kwenye mchirizi na mwengine juu kabisa, paa linapokutana na ukuta wa nyumba, hewa ya moto ipate kutoka. Nyuma ya kofia (bati la kufunikia hapo paa linapokutana na ukuta) usipake simenti kuziba. Kwenye nyazi zote mbili weka wavu, la sivyo panya watahamia kabla yako, na popo baada yao.

6. Jenga fremu ya dari inayojitegemea. Fanya hesabu ya uzito. Jipsamu ya milimita 12 ina kilo 8 hadi 9 kwa mita ya mraba. Tabaka mbili kwenye mita 15 ni kilo 240 hadi 270, bado mbao na pamba. Papi za mbili kwa mbili zilizowekwa kubeba bati tupu hazikupigiwa hesabu ya mzigo huo. Isitoshe, dari likining'inia kwenye papi, mtikisiko wa mvua unashuka nao mpaka chini na umefanya kazi ya bure.

   Kwa hiyo mbao za dari zipite kutoka ukuta wa nyumba hadi boriti ya mbele bila ya kugusa paa. Kwa upana wa mita 3 tumia mbili kwa nne zikisimama kwa ubavu, kila sentimita 40 na kidogo, ili ncha za jipsamu ziangukie katikati ya mbao. Upande wa nyumba funga mbao ya kuegemea kwa bolti. Nyumba ya zamani ya mawe na chokaa haishiki plagi ndogo za plastiki. Zinaingia vizuri na zinatoka vizuri. Tumia bolti ndefu, au simamisha nguzo pembeni mwa ukuta. Upande wa mbele usiegemeze kitu kwenye fremu za madirisha ya alumini. Zimewekwa kubeba vioo vyake tu, na kioo kitakachopasuka hakitakupa taarifa.

   Pitisha nyaya za umeme sasa, ndani ya mabomba. Taa chagua za kubandika juu ya dari. Zile za kuzamishwa zinataka matundu, na kila tundu ni mlango wa kelele. Pia zinachemka zikifunikwa na pamba.

7. Jaza nyuzi. Laza pamba au usumba baina ya mbao, ukishikiliwa na waya mwembamba au wavu wa nailoni mpaka jipsamu ifike. Usiishindilie. Hewa iliyomo ndani ndiyo inayofanya kazi, ukiibana umenunua uzito bure. Acha angalau sentimita 2 na nusu za hewa baina ya nyuzi na foili, maana upande wa foili unaotazama chini bila ya nafasi mbele yake hauna faida. Na ziguse ukuta pande zote. Pengo la kiganja pembeni linatosha kuharibu.

8. Pandisha jipsamu. Tabaka la kwanza kwa skrubu za milimita 25 hadi 30, la pili kwa za 40 hivi. Tabaka la pili ligeuze upande ili viungo visikutane. Kuzidisha uzito mara mbili kunaongeza kinga ya desibeli (kipimo cha sauti) 5 au 6, na sikio la mtu linahesabu "nusu ya kelele" kwenye desibeli 10 hivi. Basi usitarajie muujiza kutoka tabaka la pili peke yake. Pesa ikiwa ndogo, weka moja, uhamishie nguvu hatua inayofuata.

9. Ziba kingo. Hatua hii ni ya bei ndogo kuliko zote, na mafundi wengi wanaimaliza kwa kupaka pati na kuondoka. Upenyo wa asilimia 1 tu ya eneo la dari unaweka ukomo wa desibeli 20 hivi, hata dari lenyewe liwe la zege. Kwa hiyo wakati wa kupandisha jipsamu acha mwanya wa milimita 5 pande zote ukutani, uujaze silanti laini, tabaka la kwanza na la pili kila moja na yake. Pati na simenti zinapasuka baada ya msimu mmoja, kwa sababu ukuta na dari havitembei pamoja. Ziba pia kila bomba la waya linapopenya. Ukimaliza, usiku zima taa za ndani, mtu aende nje na tochi kali alimulike paa kutoka pembeni. Panapopita mwanga panapita sauti ya mvua.

Utaona kuwa juu, kwenye bati, tumeacha wazi hewa ipite, na chini, kwenye dari, tumefunga kabisa. Ukifunga juu na kuacha chini wazi umepata joto na kelele pamoja.

Ukiwa bado hujaezeka, au uko tayari kuezua

Tandika blanketi la pamba ya kioo lenye foili juu ya papi, foili ikitazama chini, kisha piga bati juu yake. Pamba inagusa bati na kulituliza pale pale matone yanapopiga, na foili inafanya kazi yake kwa chini. Ni njia nzuri sana, ila kwa walio mita chache kutoka ufukweni, Nungwi, Jambiani na kwengineko, siipendekezi: pamba ikishika unyevu wa chumvi inalila bati kutoka chini na hutaona mpaka lijae matundu. Na bati nunua la geji 28 badala ya 30. Nambari ikiwa ndogo ndiyo bati linakuwa nene.

Wengine wanauliza makuti juu ya bati. Inafanya kazi, tena kwa kelele pengine kuliko yote, kwa sababu tone linavunjika kabla ya kufika. Yawe makuti ya viungo (yaliyoshonwa kwenye kijiti), si ya kumba (yaliyosukwa), yakifungwa kwenye fito zilizoinuliwa juu ya bati ili hewa ipite na maji yasilale. Ukiyalaza moja kwa moja, unyevu utalitoboa bati. Utayabadilisha kila baada ya miaka michache, na ukiwa na jirani anayechoma taka, usiyaweke.

Ikiwa bado kuna shida

*Mchana pamepoa, usiku joto.* Uwazi wa juu umezibwa, na huwa ni simenti ya fundi nyuma ya kofia. Fungua. Kama uko wazi, madirisha yafunguliwe magharibi ikiingia. Ukuta wa mawe uliochomwa na jua unatoa joto lake usiku, na dari halihusiki.

*Maji yanadondoka alfajiri na mvua haikunyesha.* Ni umande, na foili imelaliana kinyume au imekunjwa ndani kwenye mchirizi. Fungua fishabodi (ubao wa ukingo wa paa), ukingo wa foili utoke nje.

*Madoa meusi ya ukungu kwenye dari, na veranda ina kiyoyozi.* Hewa ya nje yenye unyevu inafika nyuma ya jipsamu iliyopoa. Bandika tepu ya alumini kwenye viungo vya foili, na usiteremshe kiyoyozi chini ya nyuzi 25. Usiweke nailoni chini ya jipsamu upande wa chumba. Itafungia maji ndani.

*Kitu kinakwaruza usiku.* Kikitembea kwa mwendo na kusimama, ni panya: kagua wavu. Asubuhi na mapema, kwa makucha, ni kunguru juu ya bati, na kwao hakuna dawa ila kuondoa chakula uani. Kishindo kimoja kimoja msimu wa maembe unajua mwenyewe, kata tawi. Mnazi ukiwa juu ya veranda angusha nazi kabla hazijakauka, dari hili halikutengenezwa kwa ajili yake.

*"Ta! ta!" bado ipo.* Rudi hatua ya 4. Mara nyingi ni kofia, wala si bati: imepigwa misumari ukutani na kwenye bati, haina pa kutanukia. Iachilie upande mmoja.

*Mvua imepungua juu lakini mazungumzo bado magumu.* Sasa sauti inaingia kwa madirisha. Dirisha la alumini la kuteleza lina mwanya kwenye reli yake hata likifungwa. Siku ya mvua ziba moja kwa taulo lililokunjwa, sikiliza, hamia jengine. Lile litakaloleta tofauti ndilo la kubadilishiwa brashi za pembeni na raba za kioo, na kazi hiyo inamalizwa kwa asubuhi moja.